Moyo Mmoja Sebuleni

Ni marufuku kutazama filamu peke yako, kwa kuwa upweke ni maradhi, na runinga ya kila nyumba husikiliza mapigo ya mioyo.

Mzee Elinaikira aliipenda filamu ya kale ya mnyonya damu, kwani alipoitazama alihisi marehemu mkewe yu ubavuni, amejifunika khanga usoni. Akamwalika jirani yake, Anaeli.

“Babu, huyo bwana akitoka jenezani, mimi naondoka!”

Mnyonya damu alitoka, Anaeli akaondoka. Mzee hakuizima filamu, na runinga ikasikia moyo mmoja tu.

Adhabu ilikuwa kutazama vichekesho ukumbini pamoja na mtaa mzima. Walipocheka, naye alicheka.

Mlangoni, binti wa zamu alimpima kifua.

“Umepona, babu. Ile filamu tumeifuta, isije ikakurudisha ugonjwani.”

“Ahsante, binti yangu,” akajibu.