Jiwe Halina Maji

Nyangate aliandika kilo ishirini. Kompyuta ya kituo cha chai ikahifadhi kumi na nane.

"Ni maji ya kwenye majani, dada," karani alisema kwa upole uliozidi. "Programu inayatoa yenyewe."

Wanawake wakulima waliopanga foleni nje walikuwa wamekataa kupimiwa chai hadi Nyangate, fundi wa kompyuta kutoka Keroka, aikague programu hiyo. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Na hakuwa amesahau kuwa babake aliambiwa maneno hayo hayo, enzi za mizani ya kuning'inia.

Akaenda jikoni kwa mamake, ng'ambo ya barabara, akarudi amekumbatia jiwe la kusagia wimbi, kavu, bado lina unga. Akaliweka kwenye mizani: kumi na tano. Akauhifadhi uzito huo kwa namba ya mkulima ya mamake: kumi na tatu.

"Kumbe jiwe nalo limelowa?" mwanamke mmoja akauliza dirishani.

Foleni ikacheka. Nyangate akauhifadhi tena uzito huo, kwa namba ya mwenyekiti wa kamati ya kituo. Kumi na tano kamili.

Akaifungua programu yenyewe. Pale inapopokea uzito wa mkulima palikuwa na amri fupi: kabla ya kuhifadhi, punguza kilo mbili, isipokuwa kwa wanakamati.

Karani akainama sikioni mwake. "Mamako tutamweka na wanakamati leo leo. Funga hiyo kitu."

Mamake alikuwa wa tatu kwenye foleni, kikapu mgongoni.

Nyangate akaishika skrini kwa mikono yenye unga, akaigeuza ielekee dirishani, foleni nzima isome.