Kitanda cha Bi Kidawa

Saratani ilimpokonya Bi Kidawa nywele na nyama za mwili, lakini wanja haikumpokonya. Aliposikia mgombea anakuja kupiga naye picha ya kampeni, alijifunga doti mpya ya kanga, akajifukiza udi, akaketi kitandani kama bibi harusi.

Mgombea, Bwana Shekue, aliingia na mpiga picha wake, akamtazama mgonjwa, akasononeka.

"Mama, ukipendeza hivi nani atanipa kura? Futa wanja. Lala, kohoa kidogo, watu waone walioko madarakani wamekufanya nini."

"Mgeni hapokelewi kwa matambara, mwanangu."

"Ni kwa faida ya wagonjwa wote, mama."

Bi Kidawa akashuka kitandani taratibu. "Basi nionyeshe. Mimi ndiyo kwanza naumwa, sijawa fundi."

Shekue akavua viatu, akalala, akajifunika shuka hadi kidevuni, akalegeza macho na kuguna.

Hodi ikapigwa. Ilikuwa saa ya majirani kuja kumjulia hali mgonjwa, nao hawakuwa na desturi ya kuuliza maswali. Walimkuta mtu kalala, wakamzunguka. Mmoja akamshika paji la uso, mwingine akamtia kijiko cha uji mdomoni, wa tatu akaanza dua ndefu. Nani ainuke katikati ya dua?

"Mwombeeni sana," alisema Bi Kidawa, akiweka sawa ushungi wake. "Anaumwa uchaguzi."

Kisha akamgeukia mpiga picha, akamwashiria kwa kidole chenye hina. Kamera ikainuka polepole. Dua ilipokwisha, "Amina" iliyosikika kuliko zote ilitoka chini ya shuka.