Kiraka cha Begani

Sweta la shule lilikuwa limeharibiwa tena, safari hii begani, na mama alipitisha vidole kwenye lile tundu. Halikuwa limeraruka. Uzi ulikuwa umekatwa na kitu chenye makali.

"Nani anakufanyia hivi?"

"Mama, wewe shona tu," binti yake alijibu, macho mlangoni. "Mwalimu akiliona hivi kesho ataanza kuulizauliza."

"Na aulize! Mimi mwenyewe nitakuja nimuulize."

"Usije!" Binti alimshika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Ukija utaniharibia. Kesho ni mtihani wa mwisho. Baada ya kesho yatakuwa yamekwisha."

Yamekwisha. Neno hilo lilimtia mama hofu. Jirani alikuwa amemsimulia habari za mtoto wa mtaa wa pili, aliyeonewa shuleni mpaka akajifungia chumbani kabla ya mtihani, na mlango ulipovunjwa walikuwa wamechelewa. Tangu siku ile mama hakujua usingizi. Alikuwa ameshauondoa ufunguo wa chumba cha binti, akaificha na sumu ya panya. Mkasi wake mdogo wa kazi, ambao siku hizi alikuwa akiutafuta hauonekani, ulimtisha kuliko vyote.

Alikuwa fundi wa kushona na kufuma, tena mwenye maneno yake. Mteja akileta suruali iliyombana, humuuliza kama ni suruali iliyonywea au ni tumbo lililonona. Jioni hiyo hakuwa na utani. Uzi wa kijani wa shule ulikuwa umemwishia kwa viraka vya awali, vya mkononi na vya kwenye pindo, basi akafumua ukingo wa shali yake mwenyewe, kijani kilichokolea kidogo. Alipomaliza aliukata uzi kwa meno.

"Livae nilione."

"Nitalivaa huko huko shuleni." Binti alilikunja haraka haraka akalisukumiza kwenye mkoba.

"Mbona naliona dogo? Au ni macho yangu?"

"Lilinywea lilipofuliwa, mama. Niache nisome."

Mama alimwacha. Roho ilimuuma, maana ni yeye ambaye kila matokeo yakitoka alianza kwa kuuliza wa kwanza nani. Jibu lilikuwa lile lile: msichana ambaye wenzake walimbandika jina la Kipanga kwa akili zake, naye binti alikuwa wa pili. "Nafasi ya kusomeshwa bure ni moja tu, mwanangu," mama alikuwa akimwambia. "Wa pili hupewa pole." Sasa alitamani angeyameza maneno hayo. Mtoto ananyanyaswa shuleni, akirudi nyumbani anamkuta mama naye anamkaba koo.

Asubuhi cherehani haikukalika. Alifunga kibanda, akaenda shuleni, akamdanganya mlinzi wa geti kwamba amemletea mwanawe kalamu aliyoisahau.

Watahiniwa walikuwa wamepanga foleni nje ya ukumbi, wamempa kisogo. Masweta ya kijani matupu, nywele zimekatwa fupi sawasawa. Wake angemjuaje? Ndipo alipokumbuka kiraka. Akaanza kupita nyuma yao akikagua bega moja moja, akiogopa kwamba angefika mwisho wa mstari asikione, kwamba binti aliaga nyumbani na shuleni hakufika.

Alikiona. Kijani kilichokolea, kazi ya mikono yake mwenyewe. Alimshukuru Mungu kwa sauti bila kujali nani anasikia, akakimbia, akaweka kiganja juu ya kiraka.

"Mwanangu."

Bega lilishtuka chini ya mkono wake. Lilikuwa chini kuliko alivyolizoea. Msichana aliyegeuka alikuwa mdogo wa umbo, miwani yake imeunganishwa kwa utepe wa gundi, na tayari alikuwa amejikinga uso kwa kiwiko.

"Nitakosea," alinong'ona. "Si nimeshakubali? Leo nitakosea maswali, wewe ndiye utakuwa wa kwanza. Usinikatie tena sweta."

Aliposhusha kiwiko hakumtazama mama. Alimtazama mtu aliyesimama nyuma ya mama.

Mama aligeuka. Binti yake alikuwa pale, kalamu mkononi, amevaa sweta ambalo sindano haikuwahi kuligusa.