Saini Isiyo na Mwenyewe

Hakimu alikigeuza kitabu cha kupokelea barua, akakielekeza kwa mawakili wa idara.

"Mmemwita mara tatu aje kujieleza, na mara zote tatu pametiwa saini. Lakini saini hii si yake. Nani kaitia?"

Wakili mmoja akakivuta kitabu, akakifunga.

Sleyum, mkaguzi wa majengo katika idara hiyo, alifukuzwa kazi kwa tuhuma ya kupitisha jengo bovu, kisha kupuuza mwito wa uchunguzi. Yeye aliapa kuwa hakupata kuitwa hata mara moja. Siku ile mahakama ilimwamini. Mtu hafukuzwi bila ya kusikilizwa, arejeshwe kazini.

Mkewe, Nasriya, alipata habari kwa simu, yumo jikoni kwao, mtaa wa Azaiba.

Kwa miaka ishirini mumewe alikuwa akitoka alfajiri na kurudi yu hoi, simu sikioni. Watoto walipooa na kuolewa, Nasriya akawa anakula mchana peke yake, redio ndiyo inayomsemesha. Sleyum alipofukuzwa, rafiki zake wa kazini walimkimbia. Miezi kumi na sita hakuwa na wa kuzungumza naye ila mkewe. Wakila sinia moja. Jioni wakenda ufukweni kwa miguu, na kwenye kuvuka barabara akimshika mkono.

"Mama Nawar, nnarudi kazini!" Sleyum alimwambia mkewe alipoingia. "Imebaki barua yao ya kunita tu. Ikishapokelewa, nna siku saba za kuripoti. Nisipokwenda, watahisabu nimeacha mwenyewe."

"Alhamdulillahi," alisema Nasriya, akateremsha sinia ya wali.

Sleyum alikula matonge mawili, simu ikalia. Wale rafiki wa idarani walikuwa wamemkumbuka. Akatoka nayo uani, anacheka kwa sauti ambayo Nasriya alikuwa ameshaisahau. Chai ilipoa. Nasriya akamaliza kula peke yake, akaondoa vyombo.

Jumatatu, Sleyum akiwa msikitini kwa sala ya adhuhuri, kengele ya mlango ililia. Alikuwa tarishi wa idara, na bahasha na kitabu mkononi.

"Mwenyewe yupo?"

"Hayupo. Nipe mie."

Nasriya akatia saini, akafunga mlango. Akenda chumbani, akainua godoro upande anaolala yeye, akailaza bahasha juu ya zile tatu.