Bomba la Nje

Ardis alifungua bomba la jikoni la karavani, nyumba yao ya kukokotwa na gari. Likakohoa hewa, kisha ikatoka ile dawa ya pinki inayozuia mabomba yasigande na kupasuka kwa baridi ya Manitoba, huko Kanada. Bafuni, vivyo hivyo.

Mumewe alimtazama kutoka kitini uani, mkono wa kulia umelala mapajani tangu apate kiharusi. Kazi hii ya kupitisha dawa katika kila bomba kabla ya baridi kali ilikuwa ya mumewe miaka yote. Sasa alingoja tu Ardis asahau bomba la nje.

Ardis akazunguka nyuma ya karavani, akafunua kifuniko kidogo, akafungua bomba. Pinki ikamwagika juu ya theluji.

"Ulisubiri nisahau hili, siyo? Kama ulivyolisahau wewe mwaka juzi?"

"Nani kakufundisha?"

"Kumbe miaka yote ulipokuwa ukiifanya, ulidhani nilikuwa nakuletea kahawa tu, mzee?"

Mzee akacheka. Kwa mkono wa kushoto akachomoa mfukoni funguo za pikapu, zile ambazo hajawahi kumshikisha mtu.

"Daka."