Kidole Ndani ya Chai

Kidole kilizama tena kwenye chai.

Msusi alikiona vizuri, maana kikombe kilikuwa juu ya stuli, usawa wa mto aliolalia. Mama mkwe alishika birika kwa mkono mmoja, na kidole cha shahada cha mkono wa pili kikaning'inia ndani ya kikombe mpaka chai ikakigusa. Ndipo akaacha kumimina. Akakilamba.

"Kunywa ingali moto, mwanangu."

"Iache hapo, mama. Nitakunywa."

Sauti ilimtoka imekwaruza kama ya chura mwenye mafua. Ilikuwa hivyo tangu siku kumi nyuma, madaktari walipompasua mahali pawili: shingoni wakauzungushia waya mshipa wa fahamu, na kifuani, chini ya mtulinga, wakafukia mashine ndogo mfano wa saa ya mkononi. Ikishawashwa, ingekuwa ikikikemea kifafa kabla hakijamwangusha.

Lakini daktari alimwonya: "Kidonda kikitunga usaha, mashine tunaing'oa."

Na kung'oa ni kurudi kulekule. Saluni ilimsimamisha siku alipoanguka na pasi ya nywele mkononi, shingo ya mteja ikabaki na alama. "Ukiacha kuanguka, rudi," mwenye saluni alimwambia. "Kiti chako sitampa mtu."

Kiti hicho, ugali wake, heshima yake, vyote vilikuwa mikononi mwa mwanamke anayelamba vidole.

Kunawa, mama mkwe alinawa. Hilo halikuwa la kubisha. Sabuni mara tatu, mpaka viwikoni. Ila akishabandua bendeji aliinama, pua karibu iguse nyuzi, akanusa. Kifuani akanusa, shingoni akanusa, taratibu, kama mtu anayechagua nyama buchani. Kisha ncha za vidole zikatambaa kuzunguka mshono, moja ikifuata nyingine, kama konokono.

"Hakijachacha!" alisema kwa furaha.

Msusi akafumba macho, nywele zikamsimama.

"Kitendawili!" mama mkwe akaita.

Nani aseme "tega" huku ananuswa kifuani?

"Haya, najitega mwenyewe. Mlinzi wangu hana macho, lakini mwizi hapiti. Hujui? Nipe mji! Ni mashine yako hiyo." Akacheka mpaka mabega yakamtikisika, na unywele mmoja mweupe ukadondoka shukani. Hakuuokota.

Mchana ule msusi alifunga mlango wa chumba, akampigia mumewe, dereva wa lori aliyekuwa safarini wiki ya pili.

"Njoo umchukue mama yako."

"Kafanya nini tena?"

"Usiniambie tena! Samaki anamvuruga kwa mikono mpaka anakuwa tope, ndipo ananiletea. Ukuta wa korido mzima una alama za viganja, viganja vya uji! Na huo uji leo una mvi. Mvi, mume wangu! Mimi nywele nazifagia kazini, sizili."

"Mbona mama ni msafi kuliko sisi sote? Au kwa kuwa hatujaonana naye miaka mitatu..."

"Basi miaka mitatu imemchafua."

Mume akashusha pumzi. "Nilitaka aje dada. Mama akakataa katakata. Akasema mkwe wake atamuuguza mwenyewe, asije mtu kumnyang'anya kazi."

"Sasa nisikilize. Kesho kutwa natolewa nyuzi. Daktari akikuta usaha, tone moja tu, mama anapanda basi jioni ileile."

Alipokata simu, sauti ikaja kutoka jikoni, milango miwili mbali: "Usimfokee mwenye usukani, mwanangu. Lori halina akili."

Kumbe alisikia yote. Msusi aliona haya kidogo, kisha akakumbuka konokono, haya ikamtoka.

Siku ya nyuzi ikafika. Mama mkwe alivaa blauzi nje ndani, mishono ikichungulia kama matumbo ya samaki. Msusi alimwacha hivyohivyo, na aibike. Barabarani mama mkwe akamng'ang'ania kiwiko, akimfuata hatua moja nyuma, na kwenye kila ngazi ya hospitali kucha zikamzama msusi kwenye ngozi. Watu wakawageukia.

"Mama, sianguki leo. Niachie."

"Twende tu. Wewe tangulia."

Viganja vyake vililoa jasho. Msusi alijifuta kwa leso, mara mbili.

Daktari alibandua bendeji. Akatazama shingoni, akatazama kifuani, akavuta taa karibu. Msusi akahisi moyo unaigonga mashine. Imekwisha. Ameshakiozesha kidonda huyu bibi.

"Nani alikuwa anakisafisha?"

Msusi akaelekeza kidevu kwenye benchi, kwa hasira.

"Basi wodi yangu nzima ije ifundishwe na mama huyu. Hakuna hata wekundu. Nyuzi zinatoka, mashine tunaiwasha leo."

Akazitoa moja moja, akavua glavu, akaketi kimya mezani kuandika.

Msusi alikaa na shati wazi, mdomo wazi. Mama mkwe alikuwa tayari ameinuka kwenye benchi. Alijinyoosha blauzi, akapiga hatua mbili, akainama kwa adabu na kunyoosha mkono wa kulia, machozi yakimchuruzika.

"Ahsante, daktari wangu. Umenirudishia mwanangu kazini. Nipe mkono basi, baba."

Nyuma yake, pale mezani, daktari aliacha kuandika. Mama mkwe alibaki vilevile, mkono hewani, anatabasamu, akilisubiri koti jeupe tupu lililotundikwa mlangoni limpe mkono.