Bakora ya Mzee Badawi

“Ile ni bakora, wewe! Mkongojo ni wa mgonjwa!” Bi Sharifa alimfokea jirani yake barazani kwa Mzee Badawi.

“Bakora zamani, shoga,” Bi Mgeni akajibu. “Zamani aliitia kwapani. Siku hizi yeye ndiye anayebebwa.”

Katikati yao alikaa nesi kijana, kalamu mkononi, aliyekuja kuwapima wazee wanaoishi peke yao. Alikwishasema kwamba anayetembelea fimbo huandikwa yuko hatarini kuanguka. Na Mzee Badawi akiandikwa hivyo, mwanawe atamhamisha, nyumba ifungwe.

“Mzee, unatumia fimbo?” nesi akamuuliza Mzee Badawi, aliyeketi mbele yao na bakora yake.

“Tangu siku ya harusi yangu!” alijibu kwa fahari. “Nilipita nayo mtaa huu, vigelegele kila dirisha. Bwana harusi ataonekanaje mikono mitupu?”

Bi Sharifa alijishika kichwa. “Mzee naye! Kajimaliza mwenyewe.”

“Basi tembea bila hiyo, babu, mpaka mlangoni,” nesi akasema.

Mzee Badawi alimkabidhi Bi Mgeni bakora, akaweka kofia sawa, akaenda polepole, kifua mbele. Kwa hatua chache wale wanawake walimwona tena yule bwana harusi.

Alipofika hakugeuka. Mkono mmoja aliushikiza ukutani, wa pili ukainua pazia. Harufu ya wali wa nazi aliopika mwenyewe ikatoka nje.

“Kalamu itasubiri, mjukuu wangu,” alisema. “Karibu ndani tule.”